Mshahara wa Mchana, Majoka ya Usiku: Bi Karani Ajibu Barua Zenu

Tangu nitaje katika toleo lililopita kwamba nikitoka kazini huwa naandika visa vya michezo ya mezani kwa wachapishaji wa ng'ambo, barua hazijakoma. Nusu yenu mnauliza ni michezo gani hiyo, na kama ni bao au karata, mbona inahitaji mwandishi. Nieleze mara moja, kisha tuwape nafasi wenye maswali mazito.

Watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja anaongoza: ndiye anayesimulia mahali walipo, nani amesimama mlangoni, nini kimejificha chini ya ngazi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, inarushwa dadu. Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mwongoza mchezo si lazima atunge kila kitu mwenyewe. Ananunua kisa kilichokwisha kuandikwa, chenye ramani, viumbe na nguvu zao, na maneno ya kuwasomea wachezaji. Kisa hicho kuna mtu amekiandika, na mara nyingi mtu huyo ni kibarua anayelipwa kwa neno, mwenye kazi nyingine inayomlipia kodi ya nyumba. Mimi mchana ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Haya, tuanze.

*Shikamoo Bi Karani. Mimi ni mhasibu wa Sacco moja hapa Nakuru, nina miaka 27. Mchapishaji mdogo wa Marekani amependa sampuli yangu na amenipa kazi: maneno 12,000 kwa wiki sita, senti 4 za dola kwa neno. Nimepiga hesabu: maneno 300 kila usiku, siku 40 nimemaliza, na siku mbili zinabaki za kupumzika. Mama anasema mshika mawili moja humponyoka. Nisaini? – Mhasibu wa Usiku, Nakuru*

Marahaba mwanangu, na hongera. Kujumlisha umejumlisha sawasawa, ila ulichokihesabu ni kuandika tu, na kuandika ndiyo sehemu ya kazi hii unayoweza kujipangia. Itakayokuvuruga ni ile inayorudi.

Nikuoneshe inavyokwenda. Kwanza unapeleka muhtasari. Mhariri anaurudisha na maswali. Unaandika rasimu, inarudi na maoni pembeni. Kisha kisa kinapelekwa kwa kundi lisilokijua likicheze, na ripoti inarudi: chumba cha pili kimewaua wote, na mlango wa siri hakuna aliyeuona. Unarekebisha. Kila kinachorudi kinakuja mhariri anapokuwa tayari, na wewe siku hiyo unafunga hesabu za mwezi, meneja kasimama nyuma ya kiti chako. Kwa hiyo kabla ya kusaini omba tarehe mbili: ya kupeleka rasimu, na ya kurudishiwa maoni. Mhariri anayeijua kazi yake atakutajia zote mbili bila kukunja uso. Hiyo ya pili ndiyo uiandike kwenye kalenda, kando ya tarehe zako za Sacco. Zikigongana, sema mapema.

Tena maneno hayalingani uzito. Nina mfano ambao bado haujapoa. Juzi nilikuwa na chumba kimoja cha chini ya ardhi, kisima katikati, na kiumbe ndani ya kisima. Maelezo ya chumba, unyevu, kuvu ukutani, kamba iliyokatwa, yalitoka yenyewe. Kiumbe kikanikalia jioni nzima, na jedwali la nguvu zake halifiki hata maneno 150. Akimshika mtu na kumvuta majini, aliyeshikwa anaweza kupiga upanga au mikono imefungwa? Wenzake wakivuta kamba, nani anarusha dadu, yeye au wao? Akijinasua, anatoka nje ya kisima au anabaki ukingoni, ambako anaweza kushikwa tena zamu ifuatayo? Mwongoza mchezo atakayekisoma kisa hicho huko Ohio hatanipigia simu. Majibu yote yakae kwenye mistari minne, yalingane na kanuni za kitabu, na wahusika wa ngazi ya tatu, ambao bado ni dhaifu, wasife wote kwa pigo moja. Usiku kama huo maneno 300 utayasikia kwa jirani. Halafu kesho yake utaandika soko lenye wachuuzi na umbea na kufikisha 900 kabla chai haijaisha. Panga kwa wiki, usipange kwa usiku.

Fedha. Maneno 12,000 kwa senti 4 ni dola 480. Tukichukua dola kwa shilingi 129, ni kama elfu sitini na mbili. Senti 4 si matusi, lakini iko upande wa chini. Mikataba iliyopita mikononi mwangu ilikuwa kati ya senti 3 na 10. Kinachonikera zaidi kwenye mkataba ulionitumia ni ule mstari wa "siku 60 baada ya kuchapishwa". Kitabu hucheleweshwa na mchoraji, na mpanga kurasa, na kiwanda cha uchapaji, na kila mmoja wao anaahirisha mshahara wako. Omba ubadilishwe uwe "siku 30 baada ya rasimu ya mwisho kukubaliwa". Wakikataa, unaweza bado kuichukua kazi, lakini pesa hiyo usiifungamanishe na karo ya mtu wala na mkopo.

Ningekuwa wewe ningeomba maneno 6,000. Wachapishaji wa michezo wamezoea kugawa kitabu kimoja kwa waandishi kadhaa, kwa hiyo ombi hilo si geni, na mhariri anampenda zaidi anayeleta 6,000 siku ya ahadi kuliko anayeleta 12,000 na salamu za pole. Nafasi inayobaki iache wazi kwa vile vitakavyorudi. Usiijaze na kibarua kingine, hata kama kinang'aa.

Mambo madogo matatu ya mkataba. Huo ni mkataba wa kazi ya kuagizwa: ukishalipwa, haki zote ni zao. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 nayo inaelekea huko huko, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhamia kwa aliyeiagiza isipokuwa mkataba useme vingine. Basi ule ufalme wa ziwani ulionisimulia kwa kurasa mbili, ulioanza kuutunga ukiwa sekondari, usiuingize humo hata kijiji kimoja. Pili, mkataba utaje kwamba jina lako litachapishwa. Kibarua chako kijacho kitatokana na jina hilo. Tatu, ulizia saa. Mhariri wa Seattle akisema "Ijumaa mwisho wa siku", huenda anamaanisha saa kumi na moja jioni yake, ambayo wakati wa baridi kwetu ni Jumamosi saa kumi alfajiri. Akimaanisha usiku wa manane, kwetu ni Jumamosi saa tano asubuhi. Tofauti hiyo kwa mtu aliyetoka kazini Ijumaa ni usingizi wa usiku mzima.

Watakutumia pia fomu ya W-8BEN ya kuthibitisha kwamba wewe si mlipa kodi wa Marekani. Jaza bila wasiwasi. Malipo ya huduma uliyoifanya umekaa Nakuru hayahesabiwi kuwa pato la kule. KRA ndio watakaotaka kuyaona kwenye ritani yako kabla ya tarehe 30 Juni, na wewe mhasibu sina la kukufundisha hapo.

Mama usimbishie. Muoneshe tarehe zote mbili kwenye kalenda, na maneno 6,000, uone kama ataileta tena methali.

*Bi Karani, mimi ni msanidi programu za benki hapa Nairobi. Mkataba wangu wa kazi unasema chochote nitakachobuni katika kipindi cha ajira ni mali ya kampuni. Nimeandika mchezo mzima wa majini na mabaharia, kurasa 40, usiku na wikendi. Nikiuuza watanishtaki? Nikiwauliza si ndiyo nawaamsha waliolala? – Kimya Kingi, Kilimani*

Ndugu Kimya, waamshe. Amsha kwa barua, si kwenye korido.

Sheria yenyewe inampa mwajiri kile ulichokitengeneza katika kutekeleza ajira yako. Kisa cha majini na mabaharia hakimo katika kutekeleza ajira ya mtu anayeunda programu za benki. Tatizo ni kwamba kifungu chako kimepanuliwa makusudi, na mimi si wakili wa kukuambia mahakama itakisoma vipi. Mkiwa na barua moja faili linafungwa. Andika hivi: "Naomba idhini ya kuandika hadithi na kanuni za michezo ya mezani nje ya saa za kazi, kwa kompyuta yangu mwenyewe. Kazi hiyo haihusiani na programu, wateja wala siri za kampuni. Naomba kampuni ithibitishe kwa maandishi kwamba haitadai hakimiliki juu yake." Taja na jina la mchezo uliokwisha kuuandika, ili idhini isiwe ya mambo yajayo tu. Kampuni nyingi zitatia sahihi kwa sababu hazina haja na majini yako. Isiyotia sahihi umeijua mapema.

Wakati unasubiri, hakikisha hakuna faili lako hata moja kwenye laptopu ya ofisi, wala barua pepe ya ofisi haikutumika kuwaandikia wachapishaji. Hata kuchapa kurasa mbili kwa printa ya ofisi, acha. Nenda kwa kijana wa saiba ulipe shilingi kumi kumi.

Bosi wangu anajua ninachoandika. Aliniuliza swali moja tu: meli ikifunga gatini na mizigo ya wateja, itakuwaje? Nikamwambia wiki hiyo siandiki, na ndivyo ilivyo. Siku za bure za kuhifadhi kontena zikiisha mteja anaanza kulipishwa, na hakuna joka linalostahili hasira ya mteja aliyelipishwa. Ndiyo maana kila nikikubali kazi ya kuandika naiangalia kwanza ratiba ya meli.

*Shikamoo dada Karani. Nilizaliwa Uvira, nikakulia kambini Nyarugusu, sasa niko Columbus, Ohio, tuliletwa kama wakimbizi. Nafanya kazi ghalani, na kuanzia Novemba hadi Krismasi saa za ziada ni lazima, siku sita kwa wiki. Nimeandika visa vitatu vidogo na rafiki yangu aliye hapa kwa visa ya mwanafunzi. Watu wananiambia bila kwenda Gen Con, ile sherehe ya michezo ya mezani, sitapata wahariri. Likizo yangu ni ndogo. Nifanye nini? – Mtoto wa Ziwa*

Marahaba mdogo wangu. Nianze na rafiki yako, maana yeye ndiye mwenye hatari. Wewe ukiwa mkimbizi hadhi yako inakupa ruhusa ya kufanya kazi, ikiwemo ya kujiajiri. Mwenye visa ya mwanafunzi, ile wanayoiita F-1, hana uhuru huo. Kazi ya malipo bila idhini inaweza kumharibia hadhi yake yote. Asipokee hata dola moja ya vile visa kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake au wakili wa uhamiaji. Muandike pamoja kwa kujifurahisha, sawa. Kuuza, subirini.

Gen Con ni sherehe kubwa, ilianza mwaka 1968 kule Lake Geneva, Wisconsin, na tangu 2003 iko Indianapolis, ukiifuata barabara ya I-70 si mbali na kwako. Lakini mdogo wangu, Origins, sherehe nyingine ya aina hiyo, inafanyika hapo hapo Columbus, kwa kawaida Juni. Unaweza kutoka zamu, ukaoga, ukaingia. Nenda siku moja ya katikati ya wiki, kaa kwenye meza ya mchezo wa mchapishaji unayemtaka, cheza vizuri, uliza jina la mhariri, ondoka. Likizo yako ibaki kwa familia. Mimi sijawahi kukanyaga hata moja kati ya hizo mbili na wahariri nimewapata kwa barua pepe na sampuli ya kurasa mbili.

Jambo la Novemba ni gumu zaidi, kwa sababu msimu wako mzito na msimu wao inagongana vibaya. Vitabu vingi vinalengwa kuzinduliwa Gen Con, kiangazi. Kabla yake kuna miezi ya michoro, mpangilio na uchapaji, kwa hiyo matini mara nyingi yanatakiwa wakati ule ule wewe unabeba maboksi. Waandikie wahariri mwezi Septemba, mstari mmoja: sipatikani kuanzia Novemba mpaka Mwaka Mpya, Januari niko tayari. Kusema hivyo mapema hakukufungii mlango. Na Februari iko karibu kama unataka kutoa kijitabu chako mwenyewe. Kickstarter, mtandao wa kuchangisha pesa za miradi, walianzisha ZineQuest mwaka 2019 kwa ajili ya vijitabu vidogo vya michezo, na mwezi waliouchagua ulikuwa huo. Kurasa 24, rangi moja, kisa kimoja. Hilo linaingia kwenye wiki za Januari ghala likiwa limepoa.

Weka pembeni sehemu ya kila malipo. Kule ukipata faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka kutokana na kujiajiri, unatakiwa kuwasilisha hesabu ya kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3, juu ya kodi ya kawaida ya mapato. Ghalani wanakukata wenyewe. Huku hakuna wa kukukata, na Aprili inafika.

*Niache kazi niandike michezo tu? Mwaka jana nilipata dola 900. – Tanga*

Hapana.

Umeuliza kwa ufupi nami nimejibu kwa ufupi, ila nikuongezee kidogo usije ukasema nimekukatili. Dola 900 kwa mwaka haifiki hata dola 80 kwa mwezi, na hazikuja kila mwezi. Mshahara wako ndio uliokuruhusu kuzisubiri. Siku utakapokuwa na mikataba ya mwaka mzima iliyosainiwa, na akiba ya nusu mwaka benki, niandikie tena, na usiwe na mstari mmoja.

*Bi Karani, assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa sekondari Unguja. Nataka kutunga mchezo kwa Kiswahili, wenye pwani yetu, majini yetu, manahodha wetu. Sitaki kuandikia watu kwa neno. Je, naweza kutumia kanuni za Dungeons & Dragons au nitafungwa? Niuzie wapi? Na shule inanimaliza, mitihani ndiyo hiyo. – Mwalimu wa Mji Mkongwe*

Waaleikum salaam, mwalimu. Barua yako imenifurahisha kuliko zote, nisikufiche.

Kufungwa hufungwi. Tarehe 27 Januari 2023, baada ya kelele kubwa ya waandishi na wachezaji waliokasirishwa na mpango wa kubadilisha leseni ya zamani, Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huo, waliziweka kanuni za msingi, ile hati iitwayo SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons ya kutaja chanzo. Maana yake unaweza kuzitafsiri, kuzibadilisha na kuziuza, ilimradi utaje zilikotoka kwa maneno waliyoyaweka wao. Na leseni hiyo hairudishwi nyuma. Kilichomo kwenye hati hiyo ndicho ulichoruhusiwa. Nchi zao za kubuni, wahusika wao maarufu na baadhi ya viumbe vyao havimo, usiviguse.

Lakini je, unazihitaji? Kurasa za hati hiyo zinapita 400. Wanafunzi wako watachoka kabla hawajafika kwenye jahazi. Na dadu ya pande ishirini utaipata duka gani Darajani? Dadu za ludo ziko kila duka. Tunga kanuni zako kwa dadu mbili za ludo, kurasa kumi, na kila mtoto wa mtaa ana vifaa tayari nyumbani. Ipo michezo mingi mizuri duniani inayotumia dadu za pande sita pekee. Hutakuwa wa kwanza wala hutaonekana wa chini.

Majini nayo, una utajiri pale. Vitabu vya wenzetu vimeyagawa manne: wa hewa, wa moto, wa ardhi na wa maji. Bibi yangu alikuwa na orodha ndefu kuliko hiyo kwa mtaa wake peke yake, na kila mmoja alijua anapenda udi gani. Andika hiyo. Kiumbe ambacho mchezaji anaweza kujadiliana nacho, akakipa kinachotaka, kina faida mezani kuliko kiumbe cha kukatwa panga tu.

Kuuza. Kuna soko la mtandaoni la DMs Guild, lililofunguliwa 2016, ambako unaruhusiwa kutumia hata nchi zao za kubuni. Lakini mwandishi anapata nusu ya bei, na ulichoweka pale huwezi kukiuza kwingine. Kwa mchezo wako si mahali pake. DriveThruRPG, soko jingine la mtandaoni, wanampa mwandishi asilimia 65, au 70 ukiwauzia wao peke yao. Kule itch.io unachagua mwenyewe asilimia ya kuwaachia. Ila angalia mrabaha: mauzo ya Marekani sheria yao inataka asilimia 30 izuiwe kwa mtu wa nchi isiyo na mkataba wa kodi nao, na Tanzania haina, wala Kenya. Kabla ya kupakia chochote, hakikisha pia benki yako inapokea kwa njia wanayolipia. Nimeona watu wana mauzo yaliyokwama kwenye akaunti ya soko kwa sababu hiyo, pesa inaonekana na haiguswi.

Ningeanza na karatasi. Chapa nakala chache, zikae kwenye duka la vitabu na kwenye klabu ya Kiswahili ya shule. Wanafunzi ndio watakaokujaribia mchezo, tena bure, na watakwambia ukweli ambao mhariri wa kulipwa anaufunga kwenye karatasi ya zawadi.

Kuhusu mitihani: wiki za kusahihisha usijidanganye kwamba utaandika. Akili iliyosoma insha themanini za "Siku Ambayo Sitaisahau" haina sentensi ya kutoa. Wiki hizo chora ramani, orodhesha majina ya vyombo: jahazi, mashua, dau, ngalawa, mtepe. Nathari iache kwa likizo. Likizo ya mwalimu ni kitu ambacho sisi makarani tunakionea wivu hadharani.

*Bi Karani, mume wangu anasoma mita za maji mchana. Usiku anaandika hayo majoka, na siku tatu kwa wiki anacheza na watu kwenye kompyuta mpaka saa sita, anasema ni "kujaribu kisa". Anarusha dadu. Mama mkwe anasema ni kamari na ameanza kumsomea dua. Mimi kamari siogopi, naogopa mtoto anamwita baba mara tatu bila kujibiwa. – Mama Nuru, Kilifi*

Mama Nuru, umetenganisha mambo mawili vizuri kuliko mama mkwe, nami nitayajibu hivyo hivyo.

Kamari ni kuwekeana pesa. Pale hakuna anayeweka shilingi na hakuna anayeondoka nayo. Dadu inaamua tu kama mhusika ameruka ukuta au ameanguka. Mama mkwe akiwa na shaka juu ya dadu yenyewe, na wapo wanazuoni wanaoikataza hata bila pesa, hilo mumpelekee sheikh wenu, mimi ni karani. Ijulikane tu kwamba ipo michezo ya aina hii isiyotumia dadu kabisa, na mwandishi hodari anaweza kuiandikia. Dua mwachie aendelee nazo, hazijamdhuru mwandishi yeyote.

La mtoto. Kujaribu kisa ni kazi ya kweli, nimeeleza juu kwa yule wa Nakuru. Lakini siku tatu kila wiki si kujaribu, hapo anacheza kama wanavyocheza wengine, na hakuna ubaya akiita jina lake. Kisa kimoja kinahitaji kujaribiwa mara moja, mbili kikiwa kigumu. Mwambie akuoneshe mkataba na tarehe, kama nilivyomwambia mwenzake amuoneshe mama yake. Kwenye wiki yenye kisa cha kujaribiwa apate usiku mmoja mzima, mlango umefungwa, na wewe usimwite hata mtungi wa gesi ukiisha. Kwenye wiki isiyo na kisa achague usiku mmoja wa kucheza kama wengine wanavyoangalia mpira. Siku zilizobaki kompyuta isifunguliwe mpaka Nuru alale.

Na umwambie aandike alfajiri. Msoma mita anaondoka nyumbani saa moja na nusu, mimi naondoka saa moja. Baada ya sala mpaka saa kumi na mbili na nusu mhariri ameshafunga ofisi kule na mtoto bado amelala huku. Mimi vile vyumba vya chini ya ardhi naviandika saa hiyo. Akisema hawezi kuamka, basi muulize ule usiku wa saa sita anauweza vipi.

Halafu akulipe. Sina maana ya kukutania. Saa anazoandika yeye wewe ndiye unayemlisha na kumwogesha mtoto, na mhariri wa ng'ambo hakuhesabu hilo kwenye senti zake. Malipo yakifika, fungu lako litoke kwanza, kabla hajanunua kitabu kingine cha kanuni. Akikataa niandikie, na unipe anwani yake.